Maria Theresa: Malkia aliyewaoza binti zake ili kuinusuru himaya

SARAFU nzito ya fedha yenye sura ya mwanamke mnene aliyejitanda ushungi ilizunguka kwa miaka mingi katika masoko ya Unguja na pwani ya Afrika Mashariki, Uhabeshi na Uarabuni. Wafanyabiashara waliiita riale. Waliipima mkononi, wakaitazama vizuri ile sura, na wasipoona kasoro wakaipokea.

Mwaka ulioandikwa juu yake ni 1780. Hata zile zilizopigwa miaka mia moja baadaye, na zaidi, ziliandikwa mwaka uo huo, kwa kuwa wenye kuipokea hawakuiamini yenye tarehe nyingine.

Mwanamke huyo ni Maria Theresa wa ukoo wa Habsburg, aliyetawala Austria, Hungaria na Bohemia kwa miaka 40, na 1780 ndio mwaka aliofariki. Wengi walioishika riale hawakujua kwamba mwenye sura ile alikuwa mama wa watoto 16, wala kwamba watoto hao nao walitumiwa kama fedha ya kununulia amani na urafiki wa mataifa.

Maria Theresa alizaliwa jijini Vienna mnamo Mei 13, 1717. Kuzaliwa kwake hakukuleta shangwe kubwa. Babake, Kaisari Karl wa Sita, alikuwa akisubiri mwana wa kiume. Aliwahi kumpata mmoja mwaka uliotangulia, lakini mtoto huyo alifariki kabla ya kutimiza mwaka. Waliofuata baada ya Maria Theresa walikuwa wasichana watupu.

Karl aliliona tatizo hilo mapema. Tangu mwaka 1713 alikuwa ametoa amri kwamba milki zote za Habsburg zisigawanywe, na kwamba akikosa mwana wa kiume, binti yake azirithi. Alitumia miaka mingi akiwabembeleza wafalme wa Ulaya waikubali amri hiyo. Kila mmoja alitaka alipwe kwa namna fulani, naye akalipa.

Hata hivyo, katika kukusanya sahihi alisahau kukusanya fedha na kuimarisha jeshi. Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba hakumfundisha binti yake kazi ya utawala. Maria Theresa alifunzwa dini, lugha, muziki na kucheza dansi, mambo yaliyomfaa binti wa kifalme anayesubiri kuolewa.

Na kuolewa aliolewa, tena na mwanamume aliyempenda tangu utotoni. Huyo alikuwa Franz Stephan wa Lorraine, aliyekuwa amelelewa katika jumba la kifalme la Vienna. Ndoa yao ilifungwa Februari 12, 1736. Lakini hata ndoa hiyo ya mapenzi ilikuwa na bei yake. Ili Ufaransa isipinge, ilimbidi Franz aiachilie Lorraine, nchi ya mababu zake, na kupewa Toscana nchini Italia badala yake.

Kaisari Karl aliaga dunia ghafla mnamo Oktoba 20, 1740. Maria Theresa alikuwa na umri wa miaka 23. Alikuwa amekwisha kuzaa mabinti watatu na kumzika mmoja wao miezi michache iliyotangulia, na sasa alikuwa mjamzito tena. Hazina ilikuwa tupu, jeshi lilikuwa hafifu, na washauri aliowarithi walikuwa wazee.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla ya mwaka huo kwisha, Mfalme Friedrich wa Pili wa Prussia aliivamia Silesia, mojawapo ya mikoa tajiri kabisa ya himaya. Bavaria na Ufaransa zikafuata. Sahihi zile alizokusanya marehemu Karl zikawa karatasi tu.

Vita vikiendelea, Maria Theresa alijifungua mtoto wa kiume, Joseph, mnamo Machi 13, 1741. Hatimaye ukoo ulikuwa umepata mrithi. Miezi mitatu baadaye mama huyo alipanda farasi mjini Pressburg, mji ambao leo ni Bratislava, mji mkuu wa Slovakia, akatawazwa kuwa mtawala wa Hungaria kwa desturi zote zilizowekewa wanaume.

Mnamo Septemba alirudi mbele ya makabaila wa Hungaria kuomba msaada wa askari. Hadithi iliyosimuliwa kwa vizazi inadai kwamba alisimama mbele yao akiwa amempakata mtoto Joseph, na kwamba machozi yake yaliwafanya wachomoe panga na kuapa kumfia. Ukweli ni kwamba mtoto aliletwa mjini siku chache baadaye. Wahungaria nao hawakukubali kwa huruma tu, walidai na kupewa haki na misamaha ya kodi. Lakini hadithi ile ilidumu kwa sababu ilieleza jambo la kweli: mama huyu alijua kwamba umama wake ni silaha.

Vita hivyo vilimalizika mwaka 1748. Silesia haikurudi, lakini milki nyingine zilibaki mikononi mwake. Mumewe alikuwa amechaguliwa kuwa Kaisari wa Milki Takatifu ya Kirumi mwaka 1745. Cheo hicho hakikuwahi kushikwa na mwanamke, hivyo Maria Theresa aliitwa mke wa kaisari. Kila mtu alijua aliyekuwa akitawala ni nani.

Katika miaka hiyo yote alizidi kuzaa. Kati ya Februari 1737 na Desemba 1756 alijifungua watoto 16, mabinti 11 na wavulana watano. Alisoma barua za serikali akiwa mjamzito na kurejea mezani muda mfupi baada ya kujifungua. Mtoto wa mwisho, Maximilian, alizaliwa mwaka ule ule Austria ilipoingia katika Vita vya Miaka Saba ili kujaribu kuikomboa Silesia. Jaribio hilo lilishindwa mwaka 1763.

Ni katika vita hivyo ndipo mpango wa ndoa za watoto wake ulipopata sura kamili. Mwaka 1756, kwa ushauri wa waziri wake Kaunitz, Maria Theresa aliungana na Ufaransa, iliyokuwa adui wa Austria kwa zaidi ya karne mbili. Urafiki wa namna hiyo hauaminiki hadi utiwe damu. Ufaransa, Uhispania, Naples na Parma zote zilitawaliwa na ukoo wa Bourbon. Kwa hiyo watoto wa Habsburg wangeoana na watoto wa Bourbon, mmoja baada ya mwingine.

Ukoo wa Habsburg ulikuwa na sifa ya zamani ya kujipatia nchi kwa harusi kuliko kwa upanga. Maria Theresa aliirithi sifa hiyo, akaitekeleza kwa bidii ambayo hata mababu zake hawakuifikia. Mwanawe Joseph alimwoa Isabella wa Parma mwaka 1760. Leopold alimwoa binti wa mfalme wa Uhispania mwaka 1765.

Lakini palikuwa na adui ambaye hakujali mikataba. Huyo ni ndui.

Mnamo Januari 1761 ugonjwa huo ulimwua Karl, mwana wa pili wa kiume, akiwa na umri wa miaka 15. Mwishoni mwa mwaka 1762 ulimchukua Johanna, aliyekuwa na miaka 12. Mwaka 1763 ulimwua Isabella, mke wa Joseph, aliyeugua akiwa mjamzito. Joseph, aliyempenda mno mkewe, hakupona jeraha hilo maishani.

Pigo kubwa zaidi lilikuja mwaka 1767. Mnamo Mei mke wa pili wa Joseph, aliyeitwa Josepha wa Bavaria, aliambukizwa ndui na kufariki. Maria Theresa mwenyewe aliugua vibaya hata akapewa sakramenti ya wagonjwa mahututi. Alinusurika, akabaki na makovu.

Miezi mitano baadaye ilikuwa zamu ya binti yake Josepha. Msichana huyo wa miaka 16 alikuwa ameposwa na Ferdinand, mfalme kijana wa Naples. Nguo zilikuwa tayari na safari imepangwa. Mamake alitaka kwanza waende wote wawili wakasali katika makaburi ya ukoo, yaliyo chini ya kanisa la watawa Wakapuchini jijini Vienna. Siku chache baada ya hapo Josepha aliugua, na mnamo Oktoba 15, 1767, siku zile zile alizokuwa aanze safari ya kwenda kwa mumewe, akafa.

Watu wa Vienna walisema aliambukizwa kaburini, kwa kuwa jeneza la mke wa Joseph halikuwa limefungwa sawasawa. Mamake aliamini hivyo na kujilaumu. Tiba ya leo inaonyesha kwamba haikuwa hivyo. Ndui huchukua takriban siku 12 mwilini kabla ya kujitokeza, na Josepha aliugua mapema mno baada ya ziara hiyo. Alikuwa amekwisha kuambukizwa kabla ya kushuka ngazi zile. Mama huyo alibeba lawama isiyokuwa yake hadi mwisho wa maisha yake.

Dada yao Elisabeth, aliyesifiwa kuwa mrembo kuliko wote, aliugua katika mwaka huo huo. Alipona, lakini uso wake uliharibika, na mazungumzo ya kumwoza yakafifia. Aliishia kuwa mkuu wa nyumba ya wanawake wa dini mjini Innsbruck. Katika soko lile la wafalme, kovu usoni lilitosha kufuta thamani ya binti.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hata hivyo, alichofanya Maria Theresa baada ya msiba wa Josepha ndicho kinachowafanya wasomaji wa leo washindwe kumwelewa. Nafasi ya Naples haikuachwa wazi. Johanna ndiye aliyekuwa ametajwa kwanza kuwa mchumba wa Ferdinand, akafa. Akafuata Josepha, akafa. Sasa alitolewa Maria Carolina, mwenye umri wa miaka 15. Ndoa ilifungwa Aprili 1768, takriban miezi sita baada ya mazishi ya dada yake, bwana harusi mwenyewe akiwa hayupo.

Lakini mwaka huo huo mama huyo alichukua hatua nyingine iliyookoa maisha ya wengi. Alimwita Vienna daktari Jan Ingenhousz, aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, awachanje watoto wake. Chanjo ya wakati huo ilikuwa ya hatari. Usaha wa mgonjwa wa ndui uliingizwa katika ngozi ya mtu mzima wa afya ili augue kidogo na kupata kinga. Madaktari wengi wa Vienna waliipinga. Ferdinand na Maximilian walichanjwa, pamoja na binti mdogo wa Joseph, na wote wakapona. Malkia aliwaandalia karamu watoto wa kwanza waliochanjwa, na mfano wake ukawaondolea wazazi wengi hofu.

Kabla ya misiba hiyo ya mwaka 1767, alikuwa amempoteza mumewe. Franz Stephan alianguka na kufa mjini Innsbruck mnamo Agosti 18, 1765, siku 13 baada ya harusi ya Leopold. Hakuwa mume mwaminifu, na mkewe alilijua hilo. Lakini tangu siku hiyo Maria Theresa alikata nywele zake, akavaa nguo nyeusi, wala hakuzivua tena. Katika kitabu chake cha sala aliandika hesabu ya ndoa yao: miaka, miezi, majuma, siku, hata saa. Ushungi unaoonekana kwenye riale ni ushungi wa mjane.

Mwanamke aliyeijua ndoa ya mapenzi kiasi hicho aliwanyima karibu watoto wake wote nafasi hiyo. Mmoja tu ndiye aliyeruhusiwa kumchagua mumewe. Huyo ni Maria Christina, aliyezaliwa siku moja na mamake, Mei 13, na aliyekuwa kipenzi chake waziwazi. Mwaka 1766 aliolewa na Albert wa Saxony, mwanamfalme asiyekuwa na nchi, naye mama akawapa mali na vyeo.

Upendeleo huo uliwachoma wengine, hasa Amalia. Naye alikuwa na mpenzi, Mkuu Karl wa Zweibrücken, lakini mama alimwona kijana huyo kuwa duni. Mwaka 1769 Amalia alilazimishwa kuolewa na Ferdinand wa Parma, kijana mdogo kwake kwa umri. Huko Parma aliwakaidi washauri waliotumwa na mamake, akatawala alivyotaka. Uhusiano wao ulivunjika, wala haukupata kuunganika tena.

Maria Carolina naye alilia sana alipofika Naples na kumwona mumewe, kijana aliyependa kuwinda na kuvua samaki kuliko kusoma. Lakini alikuwa amejifunza kwa mamake. Mkataba wa ndoa ulimpa haki ya kuketi katika baraza la serikali akizaa mwana wa kiume. Alimzaa mwaka 1775, akaketi, na mwaka uliofuata akamwondoa waziri aliyeitawala nchi kwa niaba ya mumewe. Tangu hapo mtawala wa Naples alikuwa yeye.

Aliyebaki alikuwa Maria Antonia, mtoto wa 15, aliyezaliwa Novemba 2, 1755. Ulimwengu unamjua kwa jina la Kifaransa, Marie Antoinette. Aliposwa na mrithi wa kiti cha Ufaransa, na hapo ndipo mamake alipogundua kwamba binti huyo hakuwa akiandika wala kusoma vizuri. Walimu waliletwa kwa haraka, na katika miezi ya mwisho kabla ya safari mama alimlaza mwanawe katika chumba chake mwenyewe ili azungumze naye.

Mnamo Aprili 19, 1770 ndoa ilifungwa Vienna, kaka yake Ferdinand akisimama mahali pa bwana harusi. Siku mbili baadaye msichana huyo wa miaka 14 aliondoka. Alikabidhiwa kwa Wafaransa kwenye kisiwa cha mto Rhine karibu na Strasbourg, na mnamo Mei 16 akafika mbele ya altare ya Versailles. Mama na mwana hawakuonana tena.

Waliandikiana kwa miaka kumi. Barua za mama zilijaa maonyo kuhusu mavazi, michezo ya kamari, marafiki, sala na, zaidi ya yote, kuchelewa kupata mtoto. Marie Antoinette alishangaa jinsi mamake alivyojua kila kitu. Hakujua kwamba Balozi Mercy wa Austria mjini Paris alikuwa akipeleka taarifa za siri Vienna, zikieleza hata aliyezungumza naye na muda aliokaa mezani.

Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Binti alijibu kwa heshima, akaendelea na mambo yake. Mtoto wake wa kwanza, msichana aliyepewa jina la bibi yake, alizaliwa Desemba 1778, miaka minane na nusu baada ya harusi.

Haitakuwa haki kumhukumu Maria Theresa kwa ndoa hizo pekee. Mwaka 1774 alitoa sheria ya elimu iliyowataka watoto wa umri wa miaka sita hadi 12, wavulana kwa wasichana, wahudhurie shule. Mwaka 1776 alipiga marufuku mateso katika mahakama. Aliwatoza kodi makabaila na makasisi waliokuwa wakikwepa. Wakati huo huo, mkono wake ulikuwa mzito kwa wasiokuwa wa dini yake. Aliamuru Wayahudi wafukuzwe Prague katika majira ya baridi ya mwaka 1744 na 1745, na Waprotestanti wengi wakahamishwa kwa nguvu kutoka makwao.

Aliaga dunia jijini Vienna mnamo Novemba 29, 1780, akiwa na umri wa miaka 63. Alizikwa katika makaburi yale yale ya Wakapuchini, ndani ya jeneza kubwa alilokwisha kujitengenezea pamoja na mumewe. Kati ya watoto wake 16, sita walikuwa wametangulia.

Kifo kilimwepusha na mengi. Miaka 13 baadaye, mnamo Oktoba 16, 1793, Marie Antoinette alikatwa kichwa hadharani mjini Paris. Muungano ambao binti huyo alitumwa kuulinda ulikuwa umekufa kabla yake, Ufaransa na Austria zikiwa vitani. Maria Carolina alifukuzwa Naples mara mbili na majeshi ya Wafaransa, akafia karibu na Vienna mwaka 1814. Amalia naye alifia uhamishoni Prague.

Mtu angedhani kwamba ukoo ulijifunza. Mnamo Februari 1768 Maria Theresa alikimbia hadi ukumbi wa michezo wa Vienna kuwatangazia watazamaji kwa furaha kwamba Leopold amepata mtoto wa kiume. Mjukuu huyo, Franz, alikuja kuwa kaisari. Na mwaka 1810, baada ya kushindwa vitani, Kaisari Franz alimtoa binti yake Marie Louise, mwenye umri wa miaka 18, aolewe na Napoleon.

Ilikuwa imepita miaka 17 tu tangu shangazi yake babake msichana huyo auawe katika nchi ile ile alikopelekwa. Amani iliyonunuliwa kwa harusi hiyo haikudumu hata miaka minne. Riale yenye sura ya bibi yao, kwa upande wake, iliendelea kupokewa masokoni muda mrefu baada ya ukoo wa Habsburg kupoteza kiti chake mwaka 1918.